Kitovu Changu na Nusu Kaputi

Enzi zetu mtoto hakuwa na siri mwilini mwake. Ukiwa na pengo, mtaa mzima unalitungia wimbo. Ukiwa na kichwa kikubwa, mpaka muuza karanga anakuulizia hali ya kichwa. Mimi nilizaliwa na kitovu kilichochomoza mbele kama limau, na Makole yote, mtaa wetu, ilikijua kabla haijajua jina langu. Naitwa Zaina, lakini walioniita hivyo walikuwa mama yangu na mwalimu wa darasa tu. Wengine wote waliniita Kitovu, na mimi naitika, tena kwa bashasha!

Wala msinionee huruma, nyinyi wa rika langu. Kitovu kile kilikuwa mali. Ukikibonyeza kinaingia ndani kwa mlio wa mtu anayemeza mate, ukikiachia kinachomoza tena na kukuchungulia. Watoto walipanga foleni nyuma ya ukuta wa jirani ili wakibonyeze, na hakuna aliyebonyeza bure. Nililetewa ubuyu, nikaletewa vipande vya miwa, nikaletewa vishada vya zabibu ambavyo sikuuliza vimechumwa shamba la nani. Kwenye rede ndiyo usiseme. Nani athubutu kunirushia mpira tumboni? Waliogopa nitapasuka. Nilikuwa nasimama katikati kifua mbele, blauzi nimeikunja juu makusudi, na mpira unapita pembeni. Nilidhani ni ufundi wangu.

Wakati wa kipupwe, ule upepo wetu wa Dodoma unaokujaza vumbi puani na kukupasua midomo, tulicheza kombolela mpaka miguu ikawa myeupe kama tumekanyaga unga. Siku moja katika kukimbia kugonga kopo nilianguka kifudifudi, na kitovu kikatoka, kikagoma kurudi. Kilikuwa kigumu, kinauma, ah! Mama alinibeba mgongoni huku kanga inaburuza, kaka yangu Rama anakimbia nyuma na kopo la kombolela mkononi, kasahau kuliacha. Daktari alikibonyeza taratibu mpaka kikarudi, akamgeukia mama, akamwambia hii ni ngiri ya kitovu, tusiichezee tena, lazima mtoto apasuliwe.

Mimi nilisikia neno moja tu: ngiri. Ngiri ninayemjua mimi ni yule mnyama wa porini mwenye meno ya nje, ambaye mwalimu wetu wa madrasa alishatuambia ni ndugu yake nguruwe. Sasa nguruwe yuko tumboni kwangu! Nilikaa juma zima siendi madrasa, najiumiza kichwa kwa mawazo, kumbe mama anadhani ni maumivu ya kitovu. Nilipomuuliza Rama kama ngiri wa tumboni naye ni haramu, alifikiri kidogo, akasema haramu ni kumla, na mimi sijamla, kaingia mwenyewe. Rama alikuwa darasa la tano na hakuna jambo alilowahi kusema halijui.

Ndiye huyo huyo aliyenimaliza. Watu wazima walikuwa barazani, nikamsikia mama akimwambia jirani kwa sauti ya chini, "Watampiga nusu kaputi." Nyinyi wenzangu mnalijua neno hilo, ndiyo ile dawa ya kulazwa usingizi mtu akipasuliwa, siku hizi halisikiki sana. Nikamkimbilia Rama. Nusu kaputi ndiyo nini?

"Kaputi ni kufa," akasema. "Redio ya baba si imekufa kaputi? Imelia tena? Sasa wewe hutakufa yote. Utakufa nusu."

"Nusu gani?"

"Hiyo wanaamua huko huko."

Ee Mungu wangu. Mtoto wa darasa la pili, nimepewa habari hiyo, na hakuna wa kumuuliza, kwa sababu enzi zetu mtoto haulizi mambo ya wakubwa. Mama alikuwa na msemo wake, "Mtoto wa kike mdomo ni wa kulia chakula." Basi nikawa najipima mwenyewe kitandani. Wakiua nusu ya chini, sitacheza rede. Wakiua nusu ya juu, nitakulaje? Wakiua upande wa kulia, mkono wa kulia chakula ndio huo umekwenda, nitakula kwa kushoto na bibi atanichapa. Niliona heri wachukue upande wa kushoto, nikaanza kuzoea kabisa kuishi bila huo.

Bibi mwenyewe alikuja kutoka Kondoa kwa ajili yangu. Bibi Mwanaidi, mama yake mama, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alikuwa amekulia milimani huko kulima uwele na kusoma Kurani, na Kurani aliisoma bila kukwama, lakini hizi herufi za shuleni hakuzijua hata moja. Hospitali alikuwa haipendi. Mtoto wake mmoja, mdogo wake mama, alipelekwa hospitali ya mbali akiwa mdogo, wakamlaza asiamke. Sisi watoto hatukuwahi kusimuliwa jambo hilo, tulilijua kwa jinsi watu wazima walivyonyamaza likitajwa.

Nikalazwa wodi ya watoto ya hospitali moja ya hapo mjini. Jamani wodi za zamani! Vitanda vya chuma vinalia ukigeuka, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu inaingia mpaka kwenye chai, na mtoto mmoja akilia wote wanaitikia. Aliyetutawala alikuwa Sista Chilewa, Mgogo mrefu, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, viatu havitoi mlio. Manesi wengine walikuwa na dawa moja ya kilio: "Ukilia nakuchoma ya pili." Sista Chilewa hakusema hivyo. Yeye akija na sindano anakuonyesha sindano, anakwambia, "Itauma kama siafu mmoja, siyo wawili. Ukihisi wa pili niambie nimtafute." Na kweli unakaa unamsubiri siafu wa pili, hata hukumbuki kulia.

Jioni ya kuamkia upasuaji alikuja na karatasi nene iliyoandikwa kwa herufi kubwa, akaining'iniza kwenye chuma cha kitanda changu, akaniambia nilale mapema. Akaitwa upande wa pili kwa mtoto aliyekuwa anatapika, akaondoka haraka. Mama alikuwa amekwenda nyumbani kumlisha mdogo wangu. Nikaisoma ile karatasi, maana nilikuwa msomaji hodari: A-SI-LE. Asile.

Nikajua. Hicho kilikuwa kitanda cha mtoto anayeitwa Asile. Sasa Asile yuko wapi? Kitanda kimetandikwa shuka safi, jina lake linaning'inia, mwenyewe hayupo. Bila shaka walimpiga nusu kaputi, wakakosea kipimo, akafa yote.

Alfajiri, watu wametoka kuswali, Bibi Mwanaidi akaingia wodini na bakuli limefungwa kwenye kitambaa, kalificha ndani ya kanga. Mlinzi sijui alimpita vipi, ila najua sauti ile ikikugeukia utafungua hata geti lisilo lako. Akakaa kitandani, akaiona karatasi. "Wameandika nini hapo, mjukuu wangu?"

"Asile, bibi. Ndiye aliyekuwa na kitanda hiki."

"Yuko wapi sasa?"

"Hayupo."

Bibi akaitazama tena karatasi. Machozi yakamshuka, akajifuta kwa pembe ya kanga, akafungua bakuli. Wali wa nazi, na juu yake paja la kuku. Zima! Wenzangu, mnajua enzi zetu paja la kuku lilikuwa la nani. La baba, la mgeni, la shehe. Mtoto alipewa shingo, akibahatika miguu, anakwangua kucha huku anashukuru. Ukiona mtoto amepewa paja peke yake, ujue jambo limeharibika. Nilimtazama bibi, nikalitazama lile paja, nikasema moyoni, kweli nakufa, tena siyo nusu. Kisha nikalila lote, maana hata anayekufa ana hamu.

Kulipokucha vizuri Sista Chilewa akaja. Hakuniuliza kama nimekula, maana alijua watoto: ukiuliza umekula, mtoto anasema sijala huku anapangusa mdomo. Aliinama, akanusa kidogo, akauliza kwa sauti ya umbea kabisa, "Kuku alikuwa mtamu?"

"Sana, Sista," nikasema. "Paja!"

Loh! Daktari wa upasuaji alifoka mpaka watoto wakanyamaza kulia. Upasuaji ukaahirishwa hadi kesho yake. Sista akamchukua bibi pembeni, siyo mbali, niliwasikia. Akamweleza kwamba mtu akilazwa ile dawa tumbo likiwa limejaa, chakula kinaweza kupanda, kikaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo watoto wanapopotea. "Ndiyo maana tumeandika asile, bibi yangu. Asile chochote."

Bibi alishika kichwa. "Asile! Kumbe siyo mtoto?"

"Mtoto gani tena?"

Pale ndipo bibi alipolia hasa, kwa sauti, na wala hakujificha. Akasema hivi, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Nilijua anasafiri. Sasa mwanangu, nimsafirishe mjukuu wangu na njaa?"

Sista Chilewa angeweza kumgombeza, wengi wangemgombeza. Alimshika mkono. "Hasafiri, bibi. Anakwenda chumba cha pili na kurudi." Akaitazama ile kanga bibi aliyojitanda, na tasbihi mkononi. "Hebu nikwambie vizuri. Mtoto kesho amefunga."

"Amefunga?" Bibi akakaa wima. "Saumu?"

"Kama saumu. Anafunga mpaka nitakaposema mimi afungue."

"Sasa mbona hamkusema tangu jana? Mnaning'iniza makaratasi!"

Mambo yakabadilika palepale. Kama kuna mtu duniani aliyejua kumlinda mfungaji, ni Bibi Mwanaidi, aliyekuwa akitukagua ndimi zetu kila Ramadhani akija kwetu. Hata mimi nikavimba kichwa, maana tulikuwa tunashindana nani amefunga, na wengi wetu tulikuwa tunafunga mpaka adhuhuri halafu tunajificha na kata ya maji nyuma ya mtungi. Mfungo ukaanza jioni ile ile; jirani mmoja alikuja kuniona na maandazi, bibi akamtoa mpaka nje ya mlango na maandazi yake. Nilipoomba kusukutua mdomo, alisimama mbele yangu akihesabu nimetema kiasi gani.

Usiku Sista alikaa kitandani kwangu, kanga ya bibi imetandikwa katikati yetu, na mdoli wangu wa gunzi mapajani mwake. Akamfunga mdoli kitambaa tumboni, akamfunika uso kwa kifuniko cha chupa. "Utafunikwa hivi. Harufu ya dawa haipendezi, inakaribia ya rangi ya kucha. Utavuta pumzi, utasikia masikio yanavuma, halafu basi." Nikapata ujasiri wa kumuuliza lile neno. Sista, nusu gani itakufa?

Hakucheka. Leo nikiwaza, nadhani alijikaza sana. "Hakuna inayokufa," akasema. "Ni usingizi, ila huwezi kuamka mwenyewe mpaka waseme. Kwa hiyo kuna mtu anakaa kichwani kwako, kazi yake ni kuangalia pumzi zako tu. Haangalii kitovu, haangalii kitu kingine."

"Haendi hata kukojoa?"

"Haendi. Akibanwa anabanwa."

Nilimwonea huruma mtu huyo, nikalala.

Asubuhi walinibeba. Bibi aliruhusiwa kufika mlangoni. Barazani kulikuwa na benchi moja refu, na Makole ilikuwa imehamia pale: mama, Rama, mama muuza vitumbua ameacha vitumbua vyake, mwalimu wa madrasa na kofia yake, jirani wa maandazi ambaye bado amenuna, na mzee fulani ambaye mpaka leo hatujui alikuja na nani. Bibi akasema "Bismillahi" na mimi nikasema. Sista Chilewa, aliyekuwa mtu wa kanisani, akasema, "Haya, na mimi nina wangu ninayemwomba." Harufu ya rangi ya kucha ikaja. Masikio yakavuma.

Nikasikia mtu ananipigapiga shavu. "Zaina! Fumbua macho. Zaina, vuta pumzi." Nimelazwa ubavu, Sista ananifuta mate mdomoni, vidole vyake viko kwenye kifundo cha mkono wangu. Nikachezesha mguu wa kulia, upo. Wa kushoto, upo. Mkono wa kulia chakula, upo. Nikaanza kulia kwa furaha, na tumbo likaniuma vibaya mno, nikalia kwa tumbo.

Kisha kiu. Enyi watu, kiu ile! Ulimi umegandia juu. Mama akasogea na kikombe, na Bibi Mwanaidi akamshika mkono. "Hapana! Sista hajaadhini bado." Mama akamwambia, mama, mtoto ana kiu. Bibi akasema kiu haijaua mfungaji. Sista alikuja, akanitazama macho, akanisikiliza ninavyomeza, akanilowesha midomo kwa pamba, akangoja, halafu akanipa kijiko kimoja cha maji. "Haya. Fungua."

Hapo ndipo bibi alipofungua fundo la kanga yake, akatoa tende, akaiweka mdomoni mwake. Mama akamtazama. Tangu jana usiku bibi alikuwa hajatia kitu kinywani, maji wala chakula, na hakuna aliyejua. "Ningekulaje mimi," akasema huku anatafuna, "na huyu amefunga?" Nilikuwa mdogo sana, lakini lile lilinichoma. Nililala nikiwa nimemshika kidole.

Yaliyofuata ni aibu tupu. Uji niliunusa tu, kwa sababu Sista alisema sipewi mpaka nijambe. Ndiyo, nijambe! Nilikulia nyumba ambayo ukitoa ushuzi mbele ya watu unatimuliwa na ufagio, leo hii wodi nzima inaningojea. "Zaina, tayari?" Rama ndiye aliyetoka nduki kutangaza habari ilipopatikana, na bibi, yule yule mwenye ufagio, akanyanyua mikono juu: "Alhamdulillahi!" Sista akanifundisha kukumbatia mto tumboni nikitaka kukohoa au kucheka, na kwa kuwa Rama hakuwa na mipaka ya kunichekesha, mto ule nililala nao mpaka narudi nyumbani.

Mtaani nilirudi maskini. Kitovu kimekwisha, wamebaki kukichungulia na kusikitika. "Kibonyeze tena," wananiambia. Hakibonyezeki. Kwenye rede nikaanza kupigwa mipira kama binadamu wengine, nikagundua sikuwa na ufundi wowote.

Mwaka huu binti yangu Nuru amefanyiwa upasuaji wa mafindofindo hapa hapa Dodoma. Watoto wa siku hizi! Jambo la kwanza aliloniuliza wodini ni kama kuna waifai. Nilipomwambia atapigwa nusu kaputi alinitazama kwa huruma. "Mama, hakuna anayesema hivyo. Ni dawa ya usingizi." Alikuwa ameshatazama video yake yote, katuni inayoimba, na nesi kijana, mpole kuliko mimi, alikuja kumweleza hatua kwa hatua na kumpa barakoa aichezee. Nuru akamuuliza maswali mpaka nesi akakaa chini. Hakuogopa. Namshukuru Mungu kwa hilo, nasema kweli, sitaki mtoto yeyote alale akipima nusu zake.

Nikambusu, mlango ukafungwa, nikakaa barazani. Benchi ni zuri, kuta zina vigae na feni iko juu. Baba yake alikuwa safarini kikazi. Bibi Mwanaidi na mama wametangulia mbele ya haki. Rama yuko mbali, anajua kila kitu huko huko. Majirani zangu wa Nkuhungu, nyumba zetu zina mageti mazuri, na yule wa mkono wa kulia bado simjui jina. Lakini simu! Simu ililia bila kupumzika. "Pole dia." "Tupo pamoja." Mikono ya kuomba, maua, mioyo ya rangi zote. Nilijibu wote, asante, asante sana, nikasoma tena, nikaiweka mapajani. Nikawa napigapiga miguu sakafuni, na hapakuwa na mtu wa kuniambia niache.

Walipoamua kuniita ndani, Nuru alikuwa amelala ubavu, macho mazito, sauti imekauka. Nilijiandaa ataomba maji au simu. 

"Mama, ulikaa na nani nje?"

Nikamwonyesha simu, nikamwambia watu ni wengi, wote wamekuulizia. Akaiangalia, akaniangalia.

"Nje, mama. Nje pale."

"Peke yangu, mwanangu."

 Alisogea pembeni polepole na dripu yake mkononi, akaniachia nafasi kitandani nikae.